Mkanda wa kumnyanyulia mbwa baada ya upasuaji wa goti: uzoefu wangu

Kama mbwa wako ana kilo zaidi ya 20 na anakwenda kufanyiwa upasuaji wa goti, mkanda wa kunyanyulia uwe umeshaununua kabla hajarudi nyumbani. Naupa nyota 4 kati ya 5, na nyota moja iliyokosekana nitaieleza.

Bosco ni chotara wa German Shepherd, tunaishi naye Goba. Alikatika kano la ndani ya goti la mguu wa nyuma, lile linalozuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele anapokanyaga. Daktari alimfunga uzi mnene wa nailoni nje ya kiungo, ushikilie goti wakati mwili unajenga kovu gumu kulizunguka. Kuna upasuaji mwingine wa kukata mfupa wa muundi na kuufunga kwa bamba la chuma. Huo hufanywa zaidi kwa mbwa wakubwa. Wowote utakaofanyika, kupona ni wiki 8 hadi 12, na muda wote huo mbwa anakutegemea wewe.

Mkanda wenyewe ni kitambaa kigumu chenye sponji ndani, unapita chini ya tumbo mbele ya mapaja, na mipini miwili inakutana juu ya mgongo. Unashika mipini, unatembea pembeni yake. Humbebi, unampunguzia uzito tu, na ule mguu mgonjwa unauacha uguse chini. Siku za mwanzo Bosco alikuwa anaukunja kabisa. Baadaye nikaona ncha za kucha zinagusa mchanga, kisha vidole, kisha unyayo mzima, huku mimi nikihisi mkononi uzito unapungua. Hiyo ndiyo faida kubwa ya mkanda: unajua maendeleo yake hata kabla daktari hajamgusa. Kwenye ngazi za baraza sijui tungefanyaje bila huo mkanda.

Mwenye mbwa dume aangalie katikati ya mkanda. Ukiwa mpana mwanzo mwisho, atakojolea kitambaa kila akitoka. Wangu umepunguzwa hapo katikati, na akisimama vizuri mkojo unapita bila kuulowanisha.

Kasoro ni joto la Dar. Sponji inanyonya unyevu, na ukiufua wakati wa masika haukauki upesi. Ngozi ya kinena ilianza kuwa nyekundu. Nikawa natumia kanga iliyokunjwa mara nne wakati mkanda uko kambani, na kwa kweli kanga inafanya kazi vizuri, ila mikono inauma kwa sababu haina mipini. Usimwache navyo akiwa amelala. Akishaingia ndani, vua.

Mkanda peke yake hautoshi kama nyumba ina marumaru. Mguu ukiteleza mara moja, kazi yote ya daktari iko hatarini. Tulitandika mikeka ya mpira ya Kariakoo kuanzia anapolala mpaka mlangoni, na pale sebuleni tukamzungushia benchi na meza asipate nafasi ya kukimbia. Siku 3 za kwanza tulimkanda kwa barafu iliyofungwa kwenye taulo, dakika 10 hadi 15 kila mara. Kola ya plastiki shingoni ilibaki mpaka nyuzi zikatolewa, kwa sababu akilamba kidonda kinafumuka.

Jirani yangu, mama mwema kabisa, alileta diklofenaki aliyopewa yeye kwa magoti yake. Nilimshukuru nikaiweka mbali. Diklofenaki, ibuprofen na panadoli zinaweza kumtoboa mbwa tumbo, kumharibu figo au ini, hata kumuua. Dawa ya maumivu ni ile aliyoandika daktari wa mifugo, kwa kipimo cha uzito wa mbwa huyo.

Kipindi kigumu kuliko vyote ni pale anapojisikia vizuri. Maumivu yameisha, bodaboda inapita getini, naye anataka kuruka. Goti bado halijakomaa! Tulimtoa kwa kamba fupi, dakika 5 tu, tukaongeza kidogo kidogo kadiri daktari alivyoruhusu. Ugali tulimpunguzia pia, maana mbwa asiyetembea ananenepa haraka, na kila kilo inayoongezeka inalemea goti.

Sasa anatembea vizuri, lakini mkanda sijaugawa. Mbwa wengi waliokatika kano goti moja hukatika na la pili baadaye, na nataka uwe karibu.

Kabla ya kuagiza, chukua futi ya fundi cherehani upime mzunguko wa tumbo mbele ya mapaja. Usinunue kwa kuangalia uzito ulioandikwa kwenye lebo. Bosco kwa uzito alistahili saizi ya kati, lakini kwa mzunguko ni ile kubwa ndiyo iliyomkaa.