Kliniki ya kichwa Upper Hill: uzoefu wangu

Mafua yalinishika Julai, ile baridi ya Nairobi ya jua kujificha wiki nzima. Homa ilikaa siku nne ikaondoka. Kichwa kikabaki kikiuma. Kilinibana pande zote mbili kama kilemba kilichokazwa mno, tangu kuamka hadi kulala, na kila matatu iliyopita na muziki wake pale Outering ilikizidisha. Nilipimwa malaria mara mbili, hakuna. Kemisti wa mtaani akanipa parasetamoli, baadaye ibuprofeni, baadaye vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini. Nikawa nameza karibu kila siku hadi Novemba.

Shemeji yangu ndiye aliyenielekeza kliniki hii. Kumwona daktari wa neva nililipa shilingi 4,000, na si pesa ndogo kwangu. Lakini alinipa karibu saa nzima. Aliniuliza kama naikumbuka siku kichwa kilipoanza. Naikumbuka vizuri: Jumanne, nikianika nguo. Akaniambia kwamba kuna kichwa cha aina hiyo, kinachoanza siku moja inayojulikana, mara nyingi baada ya ugonjwa wa virusi, kisha kinagoma kuondoka. Akanimulika macho, akanikunja shingo, akanitembeza kwenye mstari.

Kisha akauliza, "Mama, kwa wiki unameza dawa siku ngapi?"

Nikasema sita. Akaweka kalamu chini. Alinieleza kuwa parasetamoli au ibuprofeni ikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, na zile za mchanganyiko siku 10 au zaidi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe huweza kukifanya kichwa kiendelee kuuma. Miezi minne nimenunua vidonge, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Niliumia sana kusikia.

Aliagiza picha ya MRI ili kuhakikisha hakuna kingine kinachojificha. Chama kilinikopesha. Ilitoka safi, nikalia pale pale kwenye korido. Akanisimamisha dawa za maumivu, akaniandikia amitriptilini, dawa ya kukizuia kichwa kisianze, miligramu 10 kabla ya kulala, na daftari la kuandika kila siku kichwa kilivyokuwa.

Siku kumi za kwanza zilikuwa mbaya kuliko zote zilizotangulia. Sista wa kliniki alinipigia simu mara mbili kunitia moyo, na kwa hilo peke yake ningewapa nyota zote. Daftari linasema Desemba nilikuwa na siku 22 za maumivu makali. Februari, siku 9. Hakijaisha, lakini napika, nafua, naimba kwaya.

Linaloniudhi ni chumba cha kungojea. Muda wa saa tatu nzima chini ya taa kali, runinga imepandishwa sauti, na wote tuliokaa hapo tunaumwa kichwa! Nilipoomba ipunguzwe walipunguza. Ziara iliyofuata ilikuwa imepanda tena.

Kliniki hii ni ya miadi. Kichwa kikikupasua ghafla, au kikija na homa na shingo ngumu, kuchanganyikiwa au upande mmoja wa mwili kulegea, usiingoje. Nenda hospitali kwa dharura. Kwa wengine, chukueni miadi ya asubuhi kabisa, na mbebe maganda ya vidonge vyote mlivyomeza. Daktari atayahesabu.