Mexican Gothic: riwaya ya kutisha ambayo mtu wa Nakuru ataielewa haraka

Nimemaliza Mexican Gothic ya Silvia Moreno-Garcia, ile ya 2020, na aki watu wa Nakuru naomba muitafute hata kwa wale wa vitabu vya mtumba. Stori iko Meksiko mwaka wa 1950, Noemí ni msichana wa mjini, wa sherehe na sigara, babake anamtuma mlimani akamwone binamu yake Catalina aliyeolewa na Mwingereza, maanake Catalina ameandika barua ati bwanake anamwekea sumu.

Sasa hiyo nyumba, High Place! Nje ni ukungu, ndani kuvu mpaka kwa kuta, na hiyo familia ya Doyle, ya bwana wa Catalina, haitaki mtu aongee mezani. Yaani mgeni ametoka safari ndefu, anaketi kula, ni vijiko tu vinasikika, akifungua mdomo ananyamazishwa. Halafu mzee Howard anakuja, anamwangalia, anaanza kumwambia vile ako mweusi kuliko binamu yake. Hapo ndio niliogopa, kuliko hata ile usiku madoa ya kuvu yanaanza kutembea kwa ukuta.

Hao Doyle walitajirika na mgodi wa fedha, wafanyakazi wakafa, na Noemí akifika makaburini anakuta ni ya Waingereza, anabaki kuuliza wenyeji walizikwa wapi. Kama umewahi kuzuru kasri la Lord Egerton, yule setla Mwingereza, hapo Njoro unaijua hiyo hisia, ujenzi ulianza 1938 ukaisha 1954, kumaanisha wakati Noemí anapanda huo mlima hili letu lilikuwa bado linajengwa, vyumba 52 vya mtu mmoja aliyekufa 1958 bila bibi wala mtoto. Mimi nikiingia nyumba kama hizo nauliza nani alibeba hayo mawe, na huyu mwandishi anauliza hivyo hivyo mpaka ukurasa wa mwisho.

Shida ni kurasa za kwanza, zinakokota, Noemí anazunguka tu na ndoto mbaya, vumilia. Ikishika inashika kabisa, siri yenyewe siisemi. Msipatie watoto, kuna mambo ya kulazimishana kimapenzi humo. Francis, yule kijana mpole wa hiyo familia, nilimwonea huruma sana.

Kiingereza chake si kigumu. Na mwenye anajua riwaya ya aina hii ndani ya nyumba ya masetla hapa Bonde la Ufa, iwe ya Kiswahili ama Kiingereza, aniandikie jina niitafute.