Defender ya Windows au antivairasi ya kununua: uzoefu wangu wa steshenari

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Kompyuta yenye Windows 11 halali, inayopata sasisho zake na yenye intaneti karibu kila siku, siiwekei tena antivairasi ya kununua. Defender inayokuja na Windows yenyewe inatosha. Lakini kompyuta inayokaa wiki nzima bila intaneti huku inachomekwa flashi za kila anayepita, hiyo ni habari nyingine, na ndiyo nitakayoisema kwa urefu.

Nina steshenari nje ya geti la chuo hapa Morogoro. Kazi zetu mnazijua: kuprinti, kutoa kopi, kuskani vyeti, kujazia watu fomu za mkopo na za ajira, kubaindi ripoti. Kompyuta zetu ni za mtumba, zile Dell na HP zilizochoka maofisini Ulaya zikaletwa huku. Siku hizi wateja wengi wanatuma faili kwa WhatsApp, lakini ukifika msimu wa ripoti za fildi foleni inakuwa ya flashi, na flashi hiyo hiyo imeshapita steshenari mbili tatu kabla ya kufika kwangu.

Kwa muda mrefu nilikuwa mteja wa antivairasi ya kulipia, ya kampuni moja kubwa ambayo sitaitaja. Kazi ya kukamata virusi iliifanya, siwezi kuisingizia. Ukichomeka flashi tu, inauliza kama iikague. Jambo hilo dogo lilikuwa na thamani kuliko mambo yote yaliyoandikwa kwenye boksi lake, maana kijana wa kaunta hahitaji kukumbuka chochote, anabonyeza ndiyo basi.

Kilichonichosha ni mengine. Mteja amesimama mbele yako, unamfungulia CV yake, mara linachomoza tangazo kubwa katikati ya skrini: nunua VPN, safisha kompyuta yako, betri yako iko hatarini. Betri ipi, wakati kompyuta ni ya mezani? Nililipia bidhaa halafu bidhaa ikawa inanifanyia biashara dukani kwangu. Bei nayo ni ileile hadithi ya bidhaa hizi nyingi: mwaka wa kwanza inavutia, ukifika wakati wa kuhuisha laiseni unakuta imepanda. Na kwenye mashine zenye diski za zamani za kuzunguka, asubuhi ukiwasha unaweza kwenda kununua chapati na chai ukarudi, bado inajikagua.

Laiseni ilipoisha kwenye mashine moja, Defender ilijiwasha yenyewe baada ya kuiondoa ile nyingine. Ndivyo Windows ilivyotengenezwa: ukiweka antivairasi ya nje, Defender inajiweka pembeni, ukiiondoa, inarudi kazini. Kwa hiyo anayekuambia ameweka antivairasi yake juu ya Defender ili zimlinde zote mbili, mara nyingi ana moja tu inayofanya kazi ya ulinzi wa papo kwa papo. Hapo ndipo nilipoanza kuzilinganisha kwa makusudi.

Wengi wetu tunaidharau Defender kwa kumbukumbu za zamani, na kumbukumbu zenyewe si za uongo. Ilipokuja na Windows Vista ilikuwa inashughulika na programu za kijasusi tu, virusi haikuwa kazi yake. Mwaka 2009 Microsoft walitoa Security Essentials, ukawa unaipakua mwenyewe bure, na mwaka 2012 ikanyimwa cheti na AV-TEST, maabara ya Ujerumani inayopima antivairasi. Ni kuanzia Windows 8, mwaka huohuo wa 2012, ndipo Defender ilipokuwa antivairasi kamili ndani ya mfumo. Tangu hapo imebadilika sana. AV-TEST hao hao hutoa pointi 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi na 6 kwa kutosumbua mtumiaji, na miaka ya karibuni Defender imekuwa ikiondoka na 18 zote mara kwa mara. Mtu anayekuambia leo kwamba Defender ni ya kuzugia, muulize mara ya mwisho kuiangalia ilikuwa lini.

Sikutaka kutegemea karatasi za maabara peke yake. Kuna faili la majaribio linaitwa EICAR, ni mstari mmoja wa herufi 68 usio na madhara yoyote, ambao kampuni za antivairasi zilikubaliana kuuchukulia kama kirusi ili watu wapime kama ulinzi wao uko macho. Niliuandika kwenye Notepad nikauhifadhi. Defender haikunipa hata nafasi ya kulifungua faili. Kijisanduku kikachomoza chini kulia, faili likapotea, na kwenye historia ya Windows Security likaandikwa kama Virus:DOS/EICAR_Test_File. Ile ya kulipia ilifanya vivyo hivyo. Jaribio hilo halipimi ustadi, linaonyesha tu kwamba mlinzi hajasinzia, ila ni jaribio zuri kwa mtu aliyenunua laptopu mkononi mwa mtu na hajui fundi aliifanyia nini.

Tofauti ikaonekana kwenye flashi. Defender haiulizi kitu ukiichomeka. Inasubiri faili liguswe, yaani lifunguliwe au likopiwe, ndipo inalikagua. Kiusalama inatosha, kwa sababu kirusi ambacho hakijaguswa hakijafanya kitu. Ila kwa steshenari mimi nataka kujua kabla. Kwa hiyo tumeweka utaratibu wa kaunta: flashi ikiingia, bonyeza kitufe cha kulia juu ya jina lake, chagua Scan with Microsoft Defender, subiri. Kwa flashi ya GB 8 yenye nyaraka za Word haichukui muda. Yenye muvi na miziki, mteja ataanza kuangalia saa.

Sasa tuje kwa kile kirusi ambacho kila mwenye steshenari anakijua, cha shotikati. Mwanafunzi anakuja jasho linamtoka: "Kaka, nimeliwa ripoti ya fildi, na leo ndiyo siku ya kukusanya." Unafungua flashi, unakuta folda zote zina kimshale, kila moja ina ukubwa wa KB chache. Kilichotokea ni kwamba kirusi kimezificha folda halisi kwa kuzipa alama ya faili za mfumo, kisha kikatengeneza shotikati zenye majina yaleyale. Ukibonyeza shotikati, inaendesha skripti ya kirusi kwanza, halafu inakufungulia folda yako ya kweli, kwa hiyo hushtuki. Ndiyo maana kinasambaa chuo kizima bila mtu kulalamika mpaka siku kikikutana na antivairasi.

Na hapo Defender ina tabia ambayo lazima uijue kabla hujaaibika mbele ya mteja. Inafuta shotikati na skripti, vizuri kabisa, lakini haizirudishi folda zilizofichwa. Flashi inaonekana tupu. Mteja anaamini kompyuta yako ndiyo imefuta kazi yake, na sura aliyonayo wakati huo usiombe kuiona. Dawa ni kufungua Command Prompt, ile skrini nyeusi ya kuandikia amri, na kuandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kuwa herufi ya flashi yenyewe. Folda zinarudi moja moja machoni pake. Amri hiyo tumeibandika kwenye karatasi pembeni ya skrini, na kusema kweli imetuletea wateja kuliko bango la nje.

Kwenye jambo hili moja kuna programu ndogo ya Indonesia, Smadav, ambayo utaikuta kwenye kompyuta nyingi za huku. Imetengenezwa mahsusi kwa virusi vya flashi na imekusudiwa kukaa pamoja na antivairasi nyingine, si kuchukua nafasi yake. Kwa anayeogopa skrini nyeusi ya amri, ina msaada. Ila nimeona watu wanaiweka peke yake, wamezima kila kitu kingine, na wanajiona wamejikinga. Hapana.

Nirudi kwenye kompyuta isiyo na intaneti. Nguvu kubwa ya Defender iko kwenye wingu: ikikutana na faili inalolitilia shaka, inawauliza Microsoft papo hapo. Bando likiisha, swali halifiki. Maabara ya AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, hupima antivairasi zikiwa na intaneti na zikiwa hazina, na kwenye safu ya bila intaneti Defender huwa inashuka wakati baadhi ya za kulipia, zinazobeba maarifa mengi ndani ya kompyuta yenyewe, zinashikilia palepale. Kwenye vipimo vyao vya wepesi pia Defender huwa nyuma ya wengi. Kwa mtu wa Ulaya mwenye intaneti ya waya nyumbani, safu ile ya bila intaneti ni ya kuruka tu. Kwetu wenye bando la siku linaloisha saa nane mchana, ndiyo safu ya kusoma kwanza.

Halafu kuna mtego mwingine wa bando. Ukiiambia Windows kwamba intaneti yako ni ya kupimwa (metered) ili isile MB, sasisho za Defender nazo zinaweza kusubiri. Sisi tunaingia wenyewe kwenye Windows Security kila asubuhi na kubonyeza kuangalia sasisho. Mashine isiyoungwa kabisa unaweza kuipelekea faili la sasisho kwa flashi, linaitwa mpam-fe.exe na linapatikana bure kwenye tovuti ya Microsoft. Ni zaidi ya MB 100, lakini ukilipakua mara moja linatosha mashine zote za duka zenye mfumo wa aina moja.

Lakini tusidanganyane. Kompyuta nyingi za mitaani ninazoletewa hazina shida ya kuchagua kati ya Defender na ya kulipia. Defender imezimwa. Fundi kaweka Windows ya kukraki, yaani isiyolipiwa, na Office ya kukraki, Defender ikakikamata kifaa cha kukrakia na kukiita HackTool:Win32/AutoKMS, fundi akaizima na kuongeza folda nzima kwenye orodha ya zisizokaguliwa. "Bosi, nimeizima hiyo kitu, ilikuwa inakula Office yako." Mwenye kompyuta akipata virusi baada ya mwezi anasema Defender haifai, ananunua antivairasi, na antivairasi mpya nayo inakikamata kile kile, nayo inazimwa. Kuna familia ya virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia, STOP, wengine wanaiita Djvu, ambayo njia yake kuu ya kusambaa imekuwa hizo hizo programu za kukraki. Ukishamwambia mlinzi afumbe macho kwa ajili ya moja, ameyafumba kwa zote zilizomo kwenye folda hiyo.

Ulinzi dhidi ya hao wa fidia Defender inao, unaitwa Controlled folder access, na ukinunua kompyuta unakuta umezimwa. Ukiuwasha, programu isiyojulikana haiwezi kuandika ndani ya folda kama Documents na Pictures. Kwangu uligombana na programu ya skana siku ya kwanza, ikakataa kuhifadhi vyeti mpaka nilipoipa ruhusa. Baada ya hapo umetulia. Za kulipia nyingi zina kitu cha namna hii kikiwa kimeshawashwa na kupangwa vizuri zaidi. Hapo nawapa pointi.

Za bure je? Zipo nzuri, ila mtu anayetengeneza kitu cha bure lazima ale mahali. Avast ilikuwa na kampuni tanzu, Jumpshot, iliyouza taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji. Ilifungwa mwaka 2020, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaitoza Avast dola milioni 16.5. Kompyuta inayojaza fomu za watu zenye namba za NIDA na za benki siiwekei cha bure bila kusoma kinachokula wapi. Microsoft nao wanakusanya taarifa zao, ila hao tayari wamo ndani ya nyumba.

Wenye Windows 10 mnajua msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft wamesema Defender itaendelea kupata taarifa za virusi kwenye Windows 10 mpaka Oktoba 2028, na kuna watu wamelichukulia hilo kama ruhusa ya kulala. Taarifa za virusi na kuziba matundu ya mfumo ni vitu viwili. Kirusi cha fidia cha WannaCry cha Mei 2017 kilipita kwenye tundu ambalo Microsoft walikuwa wameshalitolea kiraka mwezi Machi mwaka huohuo. Walioumia ni ambao hawakukiweka. Kununua antivairasi ya bei ghali kwa ajili ya Windows isiyozibwa, mimi sioni faida yake.

Kwa sasa dukani mashine mbili zenye Windows 11 zina Defender peke yake, na vijana wanatumia akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya kusakinisha chochote. Ile ya nyuma ya kuprinti, ambayo haina intaneti muda mwingi na ndiyo inayopokea flashi nyingi, nimeinunulia ya kulipia, ya kampuni tofauti na ile ya kwanza. Niliichagua kwa mambo mawili tu: inavyofanya kazi bila intaneti, na kwamba matangazo yake yote yanazimika kwenye mipangilio.