Haridwar: tulipeleka majivu ya baba mtoni, tukaikuta nasaba yetu kitabuni

Nimewasikia wengi wa kwetu, Wahindu wa Mombasa, Nairobi na Kisumu, wakiulizana wapeleke wapi majivu ya wazee wao. Wengine hutaja Varanasi, wengine Haridwar, na wako wanaomalizia hapa hapa baharini. Mimi na kakangu tulichagua Haridwar, na ninaandika kwa ajili ya yeyote aliye na majivu nyumbani na hajui aanzie wapi. Ikiwa ukoo wenu ni wa Punjab kama wetu, nendeni Haridwar, na msiende kwa ajili ya mto tu. Nendeni kwa ajili ya vitabu.

Mji uko jimbo la Uttarakhand, pale Mto Ganga unapotoka kwenye milima ya Himalaya na kuingia tambarare. Ni mmoja wa miji 7 mitakatifu ya Kihindu, na ni mojawapo ya mahali 4 panapofanyika Kumbh Mela, ule mkusanyiko mkubwa wa mahujaji. Kutoka Delhi ni kilomita 200 na ushee. Tulipanda treni ya Shatabdi asubuhi na mapema, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumeshafika. Treni ni safi, na chai unaletewa ulipoketi. Kuna uwanja wa ndege wa Jolly Grant upande wa Dehradun, lakini kwa aliyekwisha kushuka Delhi sioni sababu ya kupanda ndege tena. Majivu tuliyabeba mkononi, pamoja na cheti cha kifo na cheti cha kuchomwa mwili. Ulizeni shirika lenu la ndege mapema kabla ya kukata tiketi, na Wakenya msisahau kadi ya njano ya chanjo.

Sasa vitabu. Makuhani wa Haridwar, ambao kila mtu huwaita Panditji, wana desturi ya vizazi na vizazi ya kuandika nasaba za familia zinazofika mtoni. Kila ukoo wa makuhani una wilaya zake na koo zake, na kazi inarithiwa baba kwa mwana. Ukifika, jina lako si la kwanza kuulizwa. Unaulizwa wazee wenu walitoka wilaya gani, kijiji gani, na ukoo wenu ni upi. Mwenye majibu hayo matatu anafunguliwa mlango, na asiyekuwa nayo atazunguka mchana kutwa. Kwa hiyo kabla hamjaondoka nyumbani, mkalisheni chini shangazi au mzee yeyote aliyebaki, na mwandike anachokikumbuka.

Baba alikuwa ametuandikia mwenyewe, alipoona maradhi yamemzidi: Sialkot, jina la kijiji, jina la ukoo. Sialkot tangu 1947 iko Pakistan. Babu yake baba alitoka huko akashukia Mombasa wakati wa ujenzi wa reli, ile iliyoanza 1896 ikafika Kisumu 1901, iliyojengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi. Kijiji hicho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukiona. Nilikua nikiamini kwamba habari za watu wetu zilipotea siku ile mpaka wa India na Pakistan ulipochorwa. Kumbe vitabu havikuwa Sialkot. Vilikuwa Haridwar muda wote, na makuhani wanaozihudumia familia za Sialkot, Lahore na sehemu nyingine zilizobaki ng'ambo ya mpaka wapo hadi leo.

Tulianza kuuliza karibu na Kusha Ghat, mojawapo ya ngazi za kushukia mtoni, kwa muuza chai. Yeye akatuelekeza kwa kuhani mmoja, kuhani huyo akatusikiliza, akatikisa kichwa na kumtuma kijana atupeleke kwa mwenzake, na mwenzake ndiye aliyetufikisha. Hakuna aliyetaka pesa kwa kutuelekeza. Panditji wetu ana chumba kidogo orofani, juu ya duka la vyombo vya shaba, na ndani yake kuna kabati la chuma, godoro jeupe la kuketia, na feni. Alitusikiliza, akauliza jina la ukoo mara mbili, kisha akafungua kabati na kutoa kitabu.

Sikuwa nimewahi kuona kitabu cha namna ile. Ni kirefu kuliko mkono wangu na chembamba, jalada lake ni la kitambaa chekundu kilichofifia, na hukunjwa na kufungwa kwa kamba. Karatasi hufunuliwa kwenda juu, si kwa upande. Wino wa zamani umegeuka hudhurungi. Panditji hana kompyuta wala orodha ya herufi. Alikuwa akipitisha kidole kwenye mistari huku akinong'ona majina ya vijiji, anarudi nyuma, anaruka mbele. Nusu saa haikutimia, kidole kikasimama.

Samvat 1991 kwa kalenda ya Kihindu, yaani mwaka 1934 au 1935 kwa kalenda tuliyoizoea. Babu yangu alikuwa amefika hapo na majivu ya baba yake, yule wa reli. Panditji akasoma polepole: jina la babu, la baba yake, la babu yake, hadi vizazi sita, na ndugu wa kila kizazi pembeni. Chini yake palikuwa na mistari miwili ya Kiurdu, kwa mkono wa babu mwenyewe, isemayo kwamba ni mkazi wa Mombasa, Afrika. Na saini. Saini ile naijua tangu utotoni, kwa sababu imo kwenye barua zake zote za dukani ambazo baba alizihifadhi: herufi ya mwisho ameivuta chini kama ndoana ya kuvulia samaki. Kakangu aliinuka akaenda kusimama dirishani. Mimi nilimwomba Panditji asome tena tangu mwanzo, naye akasoma.

Lipo jambo moja ambalo halikunipendeza. Katika kurasa zetu za zamani wanawake karibu hawamo. Anatajwa mke wa fulani, basi, na binti hatajwi kabisa. Nyanya yangu, aliyelea watoto saba na kuendesha duka babu alipougua, hana jina humo. Nilimwambia Panditji wazi kwamba ukurasa mpya nataka uwe na majina ya wote: nyanya, mama, mimi, dada yetu, na mabinti zetu. Hakubisha. Alisema familia nyingi siku hizi zinaomba hivyo, akaandika kwa Kihindi kila jina nililomtajia, kisha akatupa kalamu tuandike wenyewe chini, kwa lugha yoyote tuitakayo. Niliandika kwa Kiswahili: "Tumefika hapa, mimi na kakangu, kumleta baba. Tunatoka Mombasa." Tukatia saini wote wawili. Kina dada wa kwetu mtakaokwenda, msingoje kuulizwa.

Ibada yenyewe ilifanyika kesho yake asubuhi, na ni fupi. Kakangu alishuka ngazi bila viatu mpaka maji yakamfika magotini, huku ameshika mnyororo uliofungwa hapo kwa ajili ya wanaooga. Usiuachie huo mnyororo. Maji yanakwenda kwa kasi kuliko yanavyoonekana, na baridi yake ni ya theluji. Panditji alitaja jina la baba, la babu na la babu yake baba, akamkabidhi kakangu vidonge vya unga vilivyochanganywa na ufuta, kisha maua na maziwa, na mwisho majivu. Yalikwenda mara moja. Mbele kidogo vijana walikuwa wamesimama majini wakitafuta sarafu chini kwa vipande vya kioo. Ziko familia zinazoudhika kwa hilo. Mimi sikuudhika, ndiyo riziki yao, na hawakutusogelea mpaka tulipomaliza.

Kuhusu pesa nitasema bila kuzunguka, maana hapa ndipo watu wengi huumia. Karibu na stesheni tulipokewa na mtu aliyejitambulisha kuwa kuhani wa familia zote za Punjab. Kabla hatujapumua alikuwa ameshaanza kututajia maelfu ya rupia ya kulisha ng'ombe na ya kulisha maskini, na kutuambia kwamba roho ya marehemu haitatulia tusipoahidi papo hapo. Kumwambia mfiwa maneno kama hayo ni ukatili. Dawa yake ni swali moja: "Kitabu chetu kiko wapi?" Kuhani wa kweli wa ukoo wenu atakuonyesha kitabu kwanza. Yule wa stesheni alianza kubabaika, tukaondoka. Kwa Panditji tulikubaliana sadaka kabla ya kwenda mtoni, hakuongeza hata rupia moja baadaye, na tulipompa zaidi tulimpa kwa hiari yetu.

Jioni kila mtu huenda Har Ki Pauri, ngazi kuu takatifu za mtoni, kwa ibada ya taa, nanyi mtakwenda. Fikeni saa nzima kabla ya jua kuzama, mkae upande wa pili wa maji, karibu na mnara wa saa, muone ngazi zote mbele yenu. Kengele zinapigwa, makuhani wanazungusha taa kubwa za shaba zenye ndimi nyingi za moto, na watu wanateremsha majini vikombe vya majani vyenye maua na utambi. Watu wa kukusanya michango hupita na vitabu vya risiti. Mchango si lazima. Uzuri upo kweli, lakini msongamano ni mkubwa, na mwenye mtoto amshike mkono wakati wote.

Jambo ambalo wageni hawaambiwi: maji yanayopita Har Ki Pauri yanaongozwa na milango ya bwawa la Bhimgoda, na hapo ndipo unapoanzia mfereji mkubwa wa umwagiliaji uliofunguliwa 1854. Hata mwaka 1916 Wahindu wakiongozwa na Madan Mohan Malaviya walilazimika kupambana na serikali ya Kiingereza ili mkondo usizuiwe hapo. Kila mwaka, kati ya sikukuu za Dussehra na Diwali, mfereji hufungwa ili usafishwe, na maji ya Har Ki Pauri hupungua sana. Usipeleke majivu wakati huo kama unaweza kungoja. Julai na Agosti nako epuka, kwa sababu ya mahujaji wa Kanwar wanaokuja kuteka maji. Wanakuja mamilioni, barabara zinafungwa, na vyumba havipatikani. Sisi tulikwenda Novemba, baada ya Diwali, na hali ya hewa ilikuwa nzuri.

Tulilala nyumba ya wageni ya kando ya mto. Chumba safi, maji moto kwa ndoo, na vipaza sauti vinaanza saa kumi alfajiri, kwa hiyo mwenye usingizi mwepesi achukue chumba cha nyuma. Nyama na pombe haviuzwi katika mji mtakatifu. Puri na viazi vya mchuzi za Moti Bazaar, zinazoletwa kwenye bakuli za majani na halwa pembeni, zilitutosha asubuhi zote. Wazee wenye magoti mabovu watataabika na ngazi, ambazo zinateleza, na kiti cha magurudumu hakina njia sehemu nyingi. Tafuteni mtu wa kuwashika. Hekalu la Mansa Devi lina gari la kamba, foleni ndefu, mandhari nzuri. Rishikesh ni karibu na panapendeza, lakini tulikuwa na msiba na hatukukaa.

Panditji anaruhusu kupiga picha ukurasa wenu ukimwomba kwa adabu. Tumemwachia namba zetu za simu na za binamu zetu walioko Leicester na Toronto, naye ameziandika pembeni ya majina, ili mtu mwingine wa ukoo wetu akifika pale na kutaja kijiji kile, aambiwe sisi tupo na wapi pa kutupata.