Uzoefu wangu na WooCommerce kwenye duka letu la vitabu

Kwa duka la familia lenye vitabu mia kadhaa, na mtu mmoja nyumbani asiyeogopa kompyuta, WooCommerce, programu ya kuendesha duka la mtandaoni, inafaa. Sisi tuko Dar es Salaam, tunauza zaidi vitabu vya shule na kamusi, riwaya kidogo. Duka ni la mzee, mimi nimekabidhiwa tovuti.

Programu yenyewe ni ya bure, inakaa juu ya WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti. Unacholipia ni jina la tovuti (letu ni la .co.tz) na kampuni ya kuihifadhi. Nilipotangaza nyumbani kwamba naiboresha tovuti, kila mtu alikuwa na maoni kuhusu rangi. Rangi sikuzigusa. Nilikaa na kitabu kimoja kimoja.

Chukua Hisabati ya darasa la tatu. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu, kwa hiyo mzazi anachotaka kujua kwanza ni kama kitabu ni cha mtaala mpya. Ukurasa wetu wa zamani ulikuwa na jina na bei, basi. Matokeo yake WhatsApp ya duka ilikuwa haipumui: "Hiki kipya au cha zamani?" Sasa kila kitabu kina mchapishaji, mwaka wa toleo, lugha na mtaala, na mteja anaweza kuchuja kwa hivyo vyote. Maswali bado yapo (Mtanzania lazima aulize "mwisho shilingi ngapi?") lakini lile la mtaala limepungua sana.

ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, nayo imepata mahali pake. Tangu toleo la 9.2 la WooCommerce, mwaka 2024, kuna sehemu maalumu ya namba hiyo kwenye upande wa stoo. Mdogo wangu anaskani zile tarakimu 13 nyuma ya kitabu kwa simu, na mwalimu akituma orodha ya ISBN hakuna tena ubishi wa kitabu gani.

Picha nilizipunguza uzito zote. Mteja anatumia bando lake, usimlazimishe kupakua jalada la MB 4.

Kwenye malipo ndipo ninapoibania nyota ya tano. Njia zinazokuja nayo ni kuhamisha pesa benki, hundi, na kulipa mzigo ukifika. M-Pesa na wenzake hawamo, unahitaji programu-jalizi (programu ndogo ya kuongezea) ya kampuni ya malipo, ambayo inakata asilimia yake. Mzee alipoona makato alisema hapana. Tukafanya hivi: ile njia ya benki nikaibadilisha jina ikawa "Lipa kwa simu", nikaweka Lipa Namba yetu kwenye maelekezo. Mteja analipa, mama anaangalia ujumbe kwenye simu ya duka, anathibitisha oda. Inafanya kazi vizuri, ila jua hili: oda ya namna hiyo hukaa kwenye kusubiri, na kitabu kinakuwa kimeshatolewa kwenye idadi ya stoo. Haijifuti yenyewe. Asiyelipa anakushikia nakala mpaka uifute oda kwa mkono, na Januari hilo ni jambo zito. Sisi tunapitia oda zote jioni kabla ya kufunga hesabu.

Jingine ni kwamba kaunta na mtandao vinakula stoo moja, na programu haijui mzee amemuuzia nani nakala ya mwisho saa nne asubuhi. Tahadhari ya bidhaa kupungua imepangwa tangu mwanzo itoke zikibaki nakala 2. Kwa vitabu vya shule nimeipandisha hadi 5, na kilichobaki nakala moja nakitoa mtandaoni kabisa, kinauzwa dukani tu.

Usafirishaji niliupanga kwa mikoa. Dar ni bodaboda, na bei anaiona kabla hajalipa. Mikoani tunatuma kwa basi kutoka stendi ya Mbezi. Mteja anapigiwa mzigo ukishapakiwa, anatumiwa picha ya risiti na namba ya basi. Ile sehemu ya "maelezo ya oda" usiiondoe. Watu wa mikoani huandika humo stendi wanayochukulia mzigo, na mara nyingi jina la mtu mwingine kabisa atakayeupokea.