GDB au LLDB: ipi inaorodhesha vizuri faili za msimbo chanzo?
Zote mbili ni debugger, yaani zana za kutafuta hitilafu katika programu. Kwa wepesi, GDB iko mbele. Andika info sources, orodha yote inashuka, faili za vichwa (header) zikiwemo. Ikizidi urefu, ongeza -basename na sehemu ya jina unalotafuta.

LLDB haina amri fupi kama hiyo, na hilo linakera. Unaandika mistari michache ya Python ipitie moduli za programu (programu yenyewe na maktaba zake), kisha compile_units za kila moja, yaani faili za chanzo zilizokompailiwa; vichwa unavifuata kando. Lakini matokeo unayachuja na kuyahifadhi upendavyo.

Kwenye Mac, LLDB huja na Xcode, zana za Apple za kuandikia programu, wakati GDB kwenye Mac za Intel inadai kusainiwa kidijitali kwanza. Ukikompaili bila -g, chaguo linaloweka taarifa za debugger ndani ya programu, zote mbili hazikusaidii.

Uko Linux na unataka kuchungulia tu? GDB. Unatumia Mac, au unaandaa ripoti ya kujiendesha? LLDB.