Saa ya pendulamu kutoka Hamburg: miezi minane ukutani kwangu Mombasa

Mpwa wangu alipokuja likizo Novemba aliniletea saa ya ukutani ya kutia ufunguo, mpya, ya kabati la mbao na kengele inayolia kila nusu saa. Duka la Hamburg, Ujerumani, lilikuwa limeijaribu, na kikaratasi ndani kilisema haikosei hata sekunde 10 kwa siku. Nikaitundika sebuleni, nikailinganisha na simu saa mbili usiku. Kesho yake usiku ilikuwa nyuma dakika mbili na nusu. Siku ya pili, tano.

Kila aliyepita alisema ni joto. Fundi wa kwanza akasema ni vumbi, akanitoza pesa za kusafisha saa ambayo haijamaliza wiki nje ya boksi. Ikarudi inang'aa, na bado iko nyuma dakika mbili na nusu.

Nikakaa chini nikapiga hesabu. Joto kweli hurefusha fimbo ya pendulamu, ile sehemu inayobembea ndani ya saa, na fimbo ikirefuka saa huenda polepole. Lakini fimbo yangu ni ya chuma, na kwa chuma hicho kila nyuzi moja ya joto hupoteza takriban nusu sekunde kwa siku. Tuseme dukani Hamburg ilikuwa nyuzi 20 na kwangu 30: hizo ni sekunde 5. Zile nyingine karibu 145 zimekwenda wapi?

Zimekwenda kwenye uvutano wa dunia. Dunia imevimba kidogo katikati, kwa hiyo huku karibu na ikweta uvutano ni dhaifu kuliko Hamburg, na pendulamu hubembea kwa uvivu. Jean Richer, Mfaransa, alikutana na jambo hilihili mwaka 1672 alipopeleka saa yake kutoka Paris hadi Cayenne, karibu na ikweta huko Amerika Kusini: ikachelewa kama dakika mbili na nusu kila siku. Mimi na yeye tumepata hasara moja, ila yeye hakutozwa pesa za vumbi.

Dawa yake iko chini ya ile sahani nzito iliyo mwisho wa fimbo: nati ndogo. Ukiizungusha kulia sahani inapanda, pendulamu inakuwa fupi, saa inaongeza mwendo. Pendulamu yangu ina urefu wa kama sentimita 25, na mzunguko mmoja wa nati huipandisha nusu milimita, ambayo ni karibu dakika moja na nusu kwa siku. Nilizungusha mara mbili kasoro robo. Zungusha, subiri saa 24, pima, ndipo uguse tena. Mwenye papara hapati kitu. Na kabla ya yote weka pima maji juu ya kabati. Tiki na taka zisipolingana, saa inachechemea na mwisho itasimama.

Saa ya Big Ben huko London hurekebishwa kwa sarafu za zamani za peni zinazowekwa juu ya pendulamu. Peni moja huongeza sekunde 0.4 kwa siku. Nikaiga kwa sarafu ya shilingi. Pendulamu yangu ni nyepesi mno, saa ikaruka mbele zaidi ya dakika nzima. Nikaitoa haraka.

Kwa anayetaka usahihi zaidi, atafute fimbo ya inva, aloi ya chuma na nikeli aliyoigundua Charles Édouard Guillaume, Mswisi aliyepata Nobel mwaka 1920. Hairefuki kwa joto ila kidogo sana. Fimbo ya mbao kavu iliyopigwa vanishi pia ni nzuri kuliko chuma, ila kwa unyevu wetu wa pwani vanishi isiwe ya kubahatisha.

Naipa nyota nne. Kamani ni imara, ufunguo mara moja kwa wiki unatosha, kengele ni tamu. Nyota moja nimeikata kwa sababu kijitabu chao hakina hata sentensi moja kwa mtu anayeihamishia saa nchi nyingine.

Sasa ni Julai, kusi linavuma, sebule iko nyuzi 26, na saa inakwenda mbele kama sekunde 2 kwa siku. Akrabu za saa ya kengele sizirudishi nyuma. Mwisho wa mwezi naishika pendulamu, naisimamisha kwa dakika moja huku natazama simu, halafu naiachia.